Nilikufundisha Kusikiliza kwa Kiganja

Matisi, Kitale
Jumamosi, baada ya isha

Mwanangu Zuhura,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: uko chumba cha pili, unafunga sanduku kwa mara ya tatu, kwa sababu kila ukilifunga unakumbuka kitu. Hali yangu nawe unadhani unaijua, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Utashangaa kwa nini baba anamwandikia barua mtu aliye hatua tano kutoka alipoketi. Soma mpaka mwisho, utaona kwamba sikuwa na njia nyingine.

Tangu Jumanne hunitazami usoni. Unaniwekea chakula, unasema maneno mawili matatu, unaondoka. Najua unachofikiri. Unafikiri ulinifungulia moyo wako wote na mimi nikakujibu neno moja, kama mtu anayefukuza nzi. Kesho asubuhi unakwenda Bungoma, na sitaki uende na wazo hilo. Ni afadhali ubebe aibu yangu kuliko ubebe uchungu usiokuwa na sababu.

Kuhusu kazi sina la kukuambia. Akina mama wa kile kikundi cha huko wamenunua mashine mpya ya kusaga njugu, wakatafuta mtu wa kuiendesha, wakawaacha wanaume wenye vyeti wakaja kukuchukua wewe, binti wa miaka ishirini na miwili. Hawakukosea. Unajua kwamba mashine huwashwa ikiwa tupu na mawe yamelegezwa, kisha njugu, kisha ndipo unakaza kidogo kidogo. Unajua njugu zilizotoka kwenye kikaango hazisagwi mpaka zipoe, la sivyo siagi inatoka chungu na mafuta yanajitenga juu. Unajua maji hayaingii mle ndani, kwamba tunasafisha kwa kusaga pumba kavu. Stima ikikatika mdomo wa mashine umejaa, hutaiwasha hivyo hivyo. Na siku ile mafundi wa stima walipogeuza waya na mota ikawa inazunguka kinyumenyume, ni wewe uliyegundua, mimi nikiwa bado najikuna kichwa. Hayo yote unayo. Nitakuandikia yale ambayo sikuwahi kukwambia.

Zuhura, baba yako hasikii.

Sisemi kwamba nasikia vibaya, kama wanavyosema wazee wakitaka mtu arudie habari tamu. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linapokea sauti nzito tu. Adhana inanifikia kama mvumo, na kwa kuwa nazijua saa zake, najaza maneno mwenyewe. Lori la mahindi nalisikia. Radi naisikia. Lakini sauti zote nyembamba zimeniaga. Sijui ni mwaka gani niliposikia ndege mara ya mwisho. Mfuniko wa birika ukicheza juu ya moto nauona tu. Na sauti za wanawake ndizo zilizotangulia kuondoka. Wewe umerithi sauti ya mama yako, nyembamba, ya haraka, yenye kumeza mwisho wa neno. Ukiongea nasikia kitu kama upepo unaopita kwenye mabati, na ndani ya upepo huo nachagua neno moja, nalikisia la pili, halafu nasema sawa.

Haikuniangukia kutoka mbinguni. Nilijitafutia mwenyewe, tena watu wakiniangalia.

Mzee Kamau aliponunua ile mashine ninayoiendesha mpaka leo, wewe ulikuwa unajifunza kutambaa. Unamjua, mtu wa haki, wazazi wake walitoka Kiambu wakaja kulima huku Trans-Nzoia, yeye akaona jembe halimfai akafungua duka nyuma ya soko. Aliiweka mashine kwenye kile chumba cha mabati, mabati ukutani, mabati juu, na kelele haikuwa na pa kutokea isipokuwa kwenye masikio yangu. Wiki ya kwanza aliniletea vile vifuniko vya masikio, vyekundu, kama vya mtu wa redio.

“Ramadhani, vaa hii kitu,” akaniambia. “Utakuwa kiziwi bana.”

Nami nikamjibu mbele ya wateja, “Mzee, fundi akiziba masikio atasikiaje mashine ikilia?”

Watu wakacheka, wakaniona mjuzi. Vifuniko vikatundikwa msumarini mpaka panya wakala sponji. Ninachotaka ukione hapa, mwanangu, ni kwamba sikuvikataa kwa uvivu. Nilivikataa kwa sababu niliyapenda masikio yangu. Siku hizo ningeweza kusimama nje barabarani nikakwambia jiwe moja limekaa upande, au ukanda umelegea, au njugu hazijakaangwa sawasawa. Nilikuwa najivunia masikio yangu kama mtu anavyojivunia ng’ombe, na nilikuwa nayalisha kelele kutwa nzima nikidhani ndiyo chakula chake.

Kwanza ulikuja mluzi. Nikilala nausikia, kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha jirani. Asubuhi umekwenda. Baadaye ukawa hauendi. Mwaka ule wa elfu mbili, stima ilipokuwa ya zamu na tukawa tunasaga usiku ili kufidia mchana, uliganda kabisa, na mpaka leo ninapokuandikia uko hapa.

Halafu siku moja beringi ya mashine ililia kuanzia asubuhi hadi saa nane, wateja wameziba masikio kwa viganja, mimi namimina njugu tu. Mzee Kamau akaja mbio, akazima. Nilimwona mdomo wake ukiuliza. Nikamwambia nilikuwa namalizia kilo za mwisho. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza ni nani angemwachia kiziwi mashine. Wewe ulikuwa shule, nyumba ni ya kupanga, na kazi nyingine siijui. Nikaamua mtu asijue.

Ndipo nilipoanza kutumia kiganja. Nikaweka mkono juu ya nyumba ya beringi, nikajifunza mtikisiko wake ikiwa nzima na ikiwa inaumwa. Nikachukua bisibisi kubwa, nikaweka ncha yake kwenye mwili wa mashine na mpini nikauuma kwa meno. Mtikisiko unapanda kwenye taya, unafika kichwani, na unajua. Watu wakaanza kusema, ati huyu fundi anapima mashine kama daktari anavyopima mgonjwa. Walikuja wateja kutoka mji mdogo wa Kwanza, na wengine na njugu za Uganda zilizopitia mpakani Lwakhakha, kwa sababu ya sifa hiyo. Kumbe wanamsifu mtu kwa ulemavu wake, naye anapokea sifa na kunyamaza.

Wewe ulianza kuja ukitoka shule ukiwa na miaka minane. Ulisimama upande wa pili, ukaweka kiganja chako kidogo pale niliposhika mimi, ukafumba macho. Nakumbuka nilicheka. Sikukukataza. Ndiyo picha ya mwanangu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonichoma, maana nilikuwa nakufundisha kazi ya kiziwi na wewe una masikio mawili mazima.

Unakumbuka alama zetu? Kiganja wazi, legeza. Ngumi, kaza. Vidole viwili, badili ndoo. Kugusa pua, zima haraka. Ukifika saa kumi tunafanya kazi mpaka jioni bila neno, na watu wanasema baba na binti wanaelewana ajabu. Tulielewana kweli. Ndani ya chumba kile hakuna anayesikia, awe mzima awe kiziwi, kwa hiyo mle nilikuwa mtu kama watu wengine. Upweke wangu ulikuwa unaanza mashine ikizimwa. Watu wanavuta pumzi, wanaanza kuongea, wanacheka, na mimi nakunja magunia ili niwe na shughuli.

Sasa nikuombe jambo moja la kazi, halafu sitarudi tena huko. Kiganja huchelewa. Kinakwambia kitu kikiwa kimeshaanza kuumia. Sikio linakwambia mapema. Hiyo mashine ya Bungoma ni mpya. Wiki ya kwanza isikilize uijue sauti yake ikiwa na afya. Baada ya hapo sikiliza ukiwasha, sikiliza ukizima, na katikati ziba masikio, hata kama akina mama watakucheka. Wacha wacheke. Mimi walicheka wakiwa upande wangu, na ona nilipofika.

Mama Nekesa wa Kwanza unamkumbuka, yule mama mnene wa kitenge aliyekuwa akikuletea miwa. Uliniuliza mara nyingi kwa nini aliacha kuja. Leo nakujibu. Ulikuwa kidato cha pili, saa hiyo hukuwepo. Alileta njugu nyingi kuliko kawaida, kuna wageni walikuwa wanakuja nyumbani kwake kwa ajili ya binti yake, na alitaka siagi ya kutosha kuunga mboga na kuwapa wageni wabebe. Katika gunia kulikuwa na kipande cha msumari. Sijui kiliingiaje na sikukiona nilipopepeta. Kilipoingia kwenye mashine kiligonga tak, tak, tak, kila mtu kwenye foleni akakisikia. Mama Nekesa akapiga kelele, akapunga mikono. Mimi nikadhani ananihimiza. Nikatikisa kichwa, nikasema sawa mama, sawa, nikakaza mawe.

Haya mawe tunayaita mawe, lakini ni chuma, na chuma kikila chuma unajua kinachotokea. Siagi ilitoka ya kijivu, ina chenga zinazong’aa. Mawe yote mawili yaliharibika. Na hapo, mbele ya foleni nzima, nikamgeukia mama wa watu. “Umeniletea vyuma! Unataka kuniharibia mashine?” Nilisema kwa sauti ya juu, maana mtu asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi. Mama Nekesa akakusanya gunia lake tupu, akaenda kwao kupokea wageni mikono mitupu. Mzee Kamau nilimwambia ni kosa la mteja.

Ulipokuja jioni ukaona mawe yalivyoharibika, ukaniuliza, nami nikausoma mdomo wako vizuri sana, “Baba, hukusikia?” Nikakuambia nilisikia, ila stima iliruka. Huo ni uongo nilioutoa nikikutazama machoni.

Mama yako aliujua mwanzo wa jambo hili bila kujua jina lake. Mwanzoni alikuwa akinitania, “Sikio la kufa halisikii dawa,” tunacheka. Baadaye akawa harudii maneno. Baadaye zaidi akawa anaongea na wewe tu mezani, na mimi natafuna. Nikwambie ukweli mbaya, Zuhura: nilifarijika. Nilichoka kubahatisha. Nilichoka kuangalia midomo kama mtoto anayeibia mtihani. Nilipoona mke wangu ameacha kunisemesha nilisema afadhali, nimepata kupumzika. Yeye alikuwa anadhani nimemchoka. Jirani yetu Mama Saumu alikuja kuniambia mwaka jana, akinisemea karibu na sikio, kwamba marehemu mama yako alikuwa akisema, “Nimezoea, naongea na ukuta.”

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile tulipompeleka hospitali, wewe ulikuwa nje umeshika kadi, daktari alimuuliza maumivu yalianza lini. Mama yako alikuwa amekaa dirishani, mwanga umempiga usoni, na midomo yake niliiona kama ninavyoiona kalamu hii. Alisema, “Tangu mwezi wa Ramadhani. Nilimwambia Baba Zuhura.”

Ilikuwa imepita miezi mitano.

Nimejaribu kuikumbuka hiyo siku aliyoniambia. Sijui kama ilikuwa wakati wa futari, au daku, au alikuwa ameinama jikoni. Najua tu nilichomjibu, kwa sababu nilikuwa na jibu moja kwa kila kitu. Daktari alisema tungemleta mapema mambo yangeweza kuwa mengine. Sisemi mimi ndiye niliyemuua. Siku ya mtu iko kwa Mungu. Lakini mke wangu alikufa akiamini kwamba aliniambia anaumwa na mimi nikaona si kitu. Hilo siwezi kulirekebisha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha maradhi yangu, na kilio kikaja kwa mwingine.

Baada ya Idi iliyopita nilikuaga nikakwambia nakwenda Kwanza kuangalia bei ya njugu. Sikwenda kuangalia njugu. Nilikwenda kwa Mama Nekesa. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba ndefu. Nilipofika nikasema tu, “Mama, siku ile hukukosea wewe. Mimi sisikii.”

Sauti yake unaijua, nzito kama ya mwanamume. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti, na nikamsikia karibu kila neno.

“Baba Zuhura, ati unaniambia nini? Si sisi wote tunajua hausikii? Unafikiri tulikuwa tunapiga kerere pale bure?”

Nikamuuliza, kama mnajua, mbona hamkuwahi kusema?

“Mtu akificha kitu yake, wewe utamfunulia ya nini? Tulikuwa tunakungojea useme.” Akanimiminia chai. “Hiyo njugu nilisahau kitambo. Ile ya kuniaibisha mbele ya watu, hiyo ndiyo nilibaki nayo. Leo umeitoa. Kunywa chai.”

Nilirudi Kitale nikiwa mwepesi, na nikiwa na hasira pia. Miaka yote hiyo nilijifungia chumba peke yangu nikishikilia mlango, na kumbe hakuna aliyekuwa anausukuma. Watu walikuwa wamekaa nje kwa adabu, wananingoja. Nikaapa nitakwambia wewe siku hiyo hiyo. Nikafika, ukaniuliza bei ya njugu, nikasema imepanda.

Sijui kama wewe nawe ulikuwa unajua. Kuna siku naona unajua: unanigusa bega kabla ya kusema, unageuza uso kwenye taa. Halafu naikumbuka Jumanne, naona hujui, au ulisahau kwa sababu moyo wako ulikuwa umejaa.

Jumanne ulikuwa unakunja nguo. Ulinipa mgongo, taa iko mbele yako, na mimi nimekaa mkekani. Nikaona mabega yako yakitembea, nikajua unaongea. Uliongea muda mrefu. Huwa huongei muda mrefu. Nilisogea nikitafuta pembeni mwa uso wako, sikuupata. Nikasikia ule upepo wa kwenye mabati, unapanda na kushuka, na mwishoni ulipanda, kama mtu anapouliza. Kisha ukageuka. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Ulikuwa unangoja jibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu: sijasikia, mwanangu. Nikasema, “Sawa.”

Sitausahau uso wako. Uliweka chini kanga ya mama yako uliyokuwa umeishika, ukaenda kulala.

Siku nne nimekuwa nikijaribu kuijua ile hoja. Nimekuviziavizia kama mwizi, nikitumaini utairudia. Hukuirudia, na haki yako. Alhamisi uliniambia jambo lingine, hilo nililipata kwa sababu Mama Saumu alikuwepo akalirudia kwa sauti kubwa: kwamba kila Ijumaa baada ya swala utapiga simu dukani kwake, niwe pale, tuongee. Mama Saumu akafurahi, akasema atatuwekea hata kiti. Nikasema sawa. Zuhura, simu hiyo sitaisikia. Nitaiweka sikioni, nitasikia mluzi wangu mwenyewe, na nitakwambia sawa, sawa, mpaka kadi yako iishe. Usitupe pesa zako. Niandikie. Mwandiko wako nausikia wote.

Mzee Kamau nitamwambia Jumatatu. Akinitoa kwenye mashine atakuwa na haki, na usirudi nyumbani kwa ajili hiyo. Nina mikono. Kuchagua njugu mbovu na nzima hakuhitaji masikio, na wengi wanawasagia watu ukungu kwa kukosa mtu mwenye subira ya kuchagua.

Sasa nitakujibu. Kwa kuwa sijui uliuliza nini, nitakujibu yote ninayoweza kufikiri kwamba binti angemuuliza baba yake akilia, wakati anakunja nguo za safari.

Kama uliuliza usiende: nenda.

Kama uliuliza nitaishije peke yangu: vibaya. Sitakudanganya tena. Nitakuwa mpweke, Zuhura, nitakuwa mpweke sana. Sikuwa nikikusikia ukiongea, lakini niliona pazia likitikisika ukipita, niliona kivuli chako kwenye mlango wa jiko, nilijua kuna mtu. Chumba cha mashine kitakuwa na mikono miwili badala ya minne. Yote hayo ni yangu kuyabeba, na bado nasema nenda.

Kama uliuliza kama nilimpenda mama yako, maana nilikuona umeshika kanga yake: nilimpenda. Nilimpenda na nikamnyima jambo moja tu lililokuwa rahisi, kumwambia rudia.

Kama kuna kijana huko Bungoma na ulikuwa unaniomba radhi zangu, mlete nimwone mdomo wake anapokutaja.

Kama uliuliza kama ninakuonea fahari, nimeshangaa kwamba ilibidi uulize, halafu nikakumbuka kwamba sijawahi kulisema. Ninakuonea fahari. Nakuonea fahari tangu ulipokuwa na miaka minane.

Na kama ni swali ambalo sijalifikiria, basi barua hii nitaipenyeza chini ya mlango wako sasa hivi, kabla hujazima taa. Ukiisoma usingoje asubuhi, na usiniite kwa jina kutoka huko, sitakuja. Njoo uniguse bega. Nitawasha taa ya mkono niiweke kati yetu, wewe ukae mbele yangu, uniulize tena lile la Jumanne, polepole. Nikilikosa nitasema sijasikia. Ukilirudia nikalikosa tena, nitasema sijasikia.

Baba yako,
Ramadhani